Ukuta Uliotoa Tumbo

Mwanzoni alidhani amenenepa.

Nyuma ya chumba cha sita kulikuwa na uchochoro mwembamba, na ng'ambo ya uchochoro kulikuwa na ukuta wa mawe uliozuia kilima kisiingie ndani ya nyumba. Kila msimu wa mvua Mama Lami aliupita uchochoro huo ubavu ubavu, fagio mkononi, akitoa majani na mifuko ya plastiki iliyoletwa na upepo. Siku zote alipita bila kugusa upande wowote. Siku hiyo mvua ilikuwa imepumzika kidogo, akaingia kama kawaida, na alipofika katikati nyonga zikakwama. Alirudi nyuma, akabana pumzi, akajaribu tena. Zikakwama vilevile. Akacheka peke yake, akajisemea kwamba wenzake uzee unawajia na mvi, yeye umemjia na makalio.

Kisha akaweka kiganja ukutani ili ajisukume atoke, na kicheko kikamwisha. Ukuta ule ulikuwa umenyooka tangu siku ulipojengwa. Sasa chini ya kiganja chake ulikuwa na mviringo, na maji yalikuwa yakichuruzika kati ya mawe mahali ambapo hapakuwahi kupita tone. Aliyenenepa hakuwa yeye.

Hilo jina la Lami alibandikwa na wapangaji, naye hakulikataa, maana lilikuwa haki yake. Mumewe alikuwa mwashi. Alijenga vyumba sita vya kupangisha, vimefuatana mstari mmoja kutoka barabarani hadi chini ya kilima, na alipokufa alimwachia mkewe vyumba, ngazi ya mbao na kazi isiyokwisha. Watu walidhani mjane ataajiri mtu, au atauza akapumzike. Yeye mwaka ule ule alipanda juu ya paa na kopo la lami na kijiti kilichofungwa kitambaa, akapaka kichwa cha kila msumari, paa zima, kisha akashuka akaenda kupika. Tangu hapo ikawa desturi yake kila mvua ikikaribia. Wanaume waliopita chini walimpigia mluzi, naye aliwajibu kwamba kama wana uchungu sana na bati, ngazi ipo, wapande. Mikono yake haikutakata tena. Akialikwa harusini huificha chini ya mtandio kama mtu aliyeiba kijiko.

Lakini mvua ikija, mtaa mzima ulitega mabeseni na kuhamisha vitanda kutoka pembe hii kwenda ile, na kwake watu walilala usingizi wao. Alijua upepo wa mvua unatokea upande gani, na upande huo aliongeza misumari. Aliinua vizingiti vya milango. Alikata matawi ya mti wa jirani yaliyolielekea paa lake, kwa ruhusa akiipata, na bila ruhusa akinyimwa. Wengine huogopa wezi. Yeye aliogopa maji, na alikuwa na ugomvi nayo kama watu wanavyokuwa na ugomvi wa mipaka ya shamba.

Katika chumba cha sita, kile cha mwisho, alikaa wifi yake, dada wa marehemu. Hakulipa kodi na hakuna aliyemwuliza. Maana siku ndugu wa mume walipokaa baada ya mazishi na kuanza kuzungumza habari ya nani achukue kipi, Wifi ndiye aliyesimama. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia watu wa ng'ambo ya mto, na aliwaambia ndugu zake usoni kwamba nyumba ni ya mjane, asiyetaka akajenge yake.

"Mimi naomba chumba kimoja tu," alisema, "kile cha mwisho, kwa sababu kaka alikijenga kikubwa kuliko vingine akiujua mwili wangu."

Watu wakacheka, na kikao kikafia hapo hapo. Tangu siku hiyo wawili hao wakawa chanda na pete. Walikula pamoja, wakagombana pamoja, wakanuniana asubuhi na kupatana mchana. Wifi alishona mito ya kulalia chumbani mwake, na pamba ilimganda nyweleni hata akaonekana kikongwe kabla ya wakati wake. Alipenda kusema kwamba mmoja mweusi wa lami na mwingine mweupe wa pamba, wakisimama bega kwa bega wanatengeneza punda milia mmoja, tena wa kike.

Kwa hiyo Mama Lami alipotoka uchochoroni hakwenda kwa Wifi kwanza. Alikwenda kumwita fundi.

Fundi huyo alikuwa mwashi aliyefanya kazi na marehemu, na alimwita Mama Lami shemeji. Aliutazama ukuta kwa mbali, hakutia hata mguu uchochoroni. Akapanda kilimani kwa njia ya pembeni, akarudi na matope hadi magotini.

"Shemeji, ukuta umetoa tumbo."

"Tumbo nimeliona. Limetoka wapi?"

"Ule mtaro wa marehemu kule juu haupo tena. Huyo jirani yako wa juu anachimba msingi, na udongo wote anaumwaga huku chini. Umeingia kwenye mtaro, umeuziba. Maji yaliyokuwa yanapita pembeni sasa yanazama ardhini, yanakuja kusimama nyuma ya ukuta wako."

Mama Lami alishika kichwa. Mtaro ule aliuzibua kwa koleo lake mwenyewe kabla mvua hazijaanza. Alipaka lami, akaongeza misumari, akafagia uchochoro. Alifanya yote, na akiwa huko kwenye misumari yake mtu mwingine akamwaga toroli la udongo na kuondoka zake. Alitamani kulia na hakupata nafasi.

"Twende tukauzibue sasa hivi."

"Ardhi imelewa maji. Ukisimama pale sasa unashuka nayo. Mpaka ikauke." Fundi akageuka kukitazama chumba cha sita, ambako cherehani ilikuwa inakwenda bila hili wala lile. "Lakini mvua ikirudi kabla haijakauka, sijui. Mtoe wifi yako humo, mengine tutajua baadaye. Na ukisikia changarawe zinadondoka uchochoroni, usingoje kuniuliza."

Sasa, mtaani pale kulikuwa na neno moja lililooza, nalo ni matengenezo. Mwenye nyumba akitaka kumtoa mpangaji ili aweke anayelipa zaidi, hakuthubutu kusema toka. Alisema kuna matengenezo, uhame kwa muda tu. Ukishahama, mlango unapakwa rangi, na ukirudi unakuta pazia la mtu mwingine. Mzee mmoja nyumba ya pili alimhamisha mama yake mdogo kwa muda, na muda huo haujaisha mpaka leo. Kwa hiyo watu wa pale wakilisikia neno hilo hawaulizi kinachotengenezwa ni nini. Wanauliza unahamia wapi.

Mama Lami alilijua neno hilo na alikuwa akilicheka kuliko wote. Lakini alikuwa na hofu, na hakutaka kuanza kwa kumwambia mtu kwamba ukuta wa kaka yake unaanguka. Akasimama mlangoni kwa Wifi, akafungua mdomo, na neno lililotoka likawa ndilo hilo.

"Wifi, nataka uhamie kwangu kwa muda. Kuna matengenezo kidogo huku."

Cherehani ikasimama.

"Kuna nini?"

"Matengenezo. Ya ukuta."

Wifi aliangua kicheko, akidhani ni utani wao wa kila siku. Alipoona mwenzake hacheki, akaiweka chini nguo aliyokuwa akishona.

"Na wewe pia, wifi?"

"Sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Umepata mpangaji?"

"Mpangaji wa nini? Ukuta umetoa tumbo. Fundi ameuona. Njoo uone mwenyewe."

Wifi alikuja. Uchochoroni hakuweza kuingia, mwili wake na uchochoro ule havikuwahi kuelewana, kwa hiyo alichungulia kutoka mwanzoni.

"Mimi naona ukuta," alisema. "Ule ule. Kaka yangu aliujenga mimi nikimletea maji ya kunywa. Nyumba ngapi zimeanguka mtaa huu, ukuta wa kaka umesimama. Leo hayupo wa kujibu, ndio umetoa tumbo?"

"Si kosa lake. Ni maji ya kule juu."

"Usimseme marehemu."

"Simsemi. Chukua chumba changu chote. Lala kitandani kwangu, mimi nitalala chini. Mpaka pakauke tu."

"Leo kwako, kesho nitakuwa mgeni, na mgeni hupangiwa siku ya kuondoka. Hapa mimi si mgeni, wifi." Sauti yake kubwa ilikuwa imeshuka ghafla. "Au ni mgeni?"

Mama Lami aliapa kwa Mungu, akaapa kwa kaburi la mumewe, na alipoapa kwa kaburi akaona ameharibu zaidi. Wifi aliingia ndani akafunga mlango.

Alihangaika jioni ile yote. Alimwendea mpangaji wa chumba cha kwanza, kinyozi, mtu mcheshi aliyesikilizana sana na Wifi, akamwomba aende akamsemeshe. Kinyozi alikuwa anampangusa mteja shingo kwa taulo.

"Mama, hata wewe umejifunza matengenezo?" alisema, na mteja akacheka mpaka povu likamwingia mdomoni.

Alimpigia simu binti yake, aliyeolewa mbali. Binti alikuwa ameshapigiwa na shangazi yake, tena akilia. "Mama, mwache shangazi," alisema. "Baba hakupenda mambo hayo." Mama Lami alitaka kumweleza habari za mtaro na udongo na maji, na alisikia mwenyewe jinsi maneno yake yanavyofanana na ya kila mwenye nyumba aliyewahi kumtoa mtu. Akakata simu. Alipanda hata kwa jirani wa juu, akamkuta amesimama juu ya msingi wake, naye akamwambia kwamba udongo ni udongo, haukuandikwa jina la mtu. Maji yalikuwa yamemfika shingoni na hakuna aliyeona hata dimbwi.

Kesho yake mbingu ilishuka chini toka asubuhi. Mvua ikaanza mchana, siyo ile ya kukufukuza uani, bali ile nzito inayoangukia mahali pamoja kana kwamba imeajiriwa kwa kazi hiyo. Mama Lami alisimama mwanzoni mwa uchochoro na gunia kichwani, akasikiliza. Kwa muda hakusikia ila bati. Halafu akasikia kitu kidogo kikidondoka, na kingine. Akamulika kwa tochi ya simu. Changarawe zilikuwa zinatoka kati ya mawe katikati ya tumbo, chache chache, na kila moja ikifuatwa na tope.

Alikimbilia mlangoni.

"Wifi, toka. Toka sasa hivi, ukuta unaachia."

"Nashona," Wifi alijibu kutoka ndani.

"Wifi, nakuomba."

"Kama ni matengenezo, tengeneza. Mimi sikuzuii."

Alipiga mlango kwa ngumi, akaupiga kwa bega. Mlango aliupachika marehemu mwenyewe, wa mbao ngumu, na komeo la ndani lilikuwa la chuma. Alizunguka dirishani, nondo zikamtazama. Alimwita kinyozi, kinyozi akatokeza kichwa, akasema mambo ya familia yeye hayaingilii. Cherehani ilikuwa inakwenda huko ndani, tena kwa kasi, kama mtu anayeimba makusudi ili asisikie. Mama Lami alijua hana neno lililobaki. Kila neno alilokuwa nalo lilikuwa limeshatumiwa na waongo.

Ndipo macho yake yakaiona ngazi.

Mtaani pale, mwenye nyumba aliyeshindwa kumtoa mpangaji kwa maneno alikuwa na njia moja ya mwisho. Alipanda juu akaezua bati. Kila mtu alilijua jambo hilo, na aliyelifanya hakusalimiwa tena. Mama Lami mwenyewe kuna mwenye nyumba alikuwa akivuka barabara ili asikutane naye, kwa sababu hiyo tu.

Akaiegemeza ngazi. Akapanda na nyundo kiunoni, mvua ikimpiga mgongoni, akatambaa juu ya bati hadi upande wa kilima. Alijua kila msumari wa pale. Aliubana wa kwanza kwa kucha za nyundo, akavuta, haukutoka. Lami yake mwenyewe ilikuwa imeushika. Akavuta kwa uzito wake wote huku akilia kwa sauti, msumari ukatoka, akaenda kwa mwingine. Kila mmoja alikuwa ameupaka kwa upendo, na kila mmoja sasa ulimpinga. Mikono ilichubuka. Bati liliponyanyuka ukingoni upepo ukaingia chini yake, likampiga kifuani, akalisukuma likaenda kuanguka uani kwa kishindo kilichotoa watu majumbani.

Akachungulia chini.

Mvua ilikuwa inaingia chumbani nzima nzima. Iliangukia kitanda, iliangukia magunia ya pamba, nayo pamba nyeupe ilikuwa inanywea na kugeuka kijivu mbele ya macho yake. Wifi alikuwa amekaa palepale mbele ya cherehani. Alikuwa ameinua uso, maji yakimwingia machoni, na hakuwa amekasirika. Alikuwa anashangaa tu, kama mtoto aliyepigwa na mtu asiyemtegemea.

"Wifi," alisema, "ni wewe?"

Mama Lami aliubana msumari mwingine. Akang'oa bati la pili.

Wifi alitoka. Alifungua komeo polepole, akatoka na mto mmoja kifuani, ule aliokuwa akiushona, uzi ukimning'inia hadi miguuni. Mtaa mzima ulikuwa umesimama chini ya vibaraza. Mama Lami, aliyekuwa bado juu ya paa, aliona kila uso.

"Kaka yangu alinifunika kichwa," Wifi alisema, na safari hii sauti ile ya kuitia watu wa ng'ambo ya mto ilirudi. "Wewe umekifunua. Sawa. Nimetoka."

Kinyozi akavua koti lake akamtupia mabegani, akamshika mkono, wakaondoka kuelekea kwa binamu yake Wifi aliyekaa upande wa pili wa soko. Mama Lami alimwita mpaka koo likakauka. Hakugeuka. Na Mama Lami hakuweza kumfuata, kwa sababu nyuma yake changarawe zilikuwa zimekuwa kokoto.

Fundi alifika amelowa chapachapa, mtaimbo begani. Alitazama paa lililofunuka, kisha akamtazama yeye. Walichofanya baada ya hapo hakuna aliyekiona, maana watu walikuwa wameshaingia ndani kwenda kumsema. Waliingia uchochoroni wawili, fundi mbele, na chini kabisa ya ukuta, pale tumbo lilipoanzia, wakaanza kutoboa. Fundi alisema kama maji yatatoka kabla ukuta haujatoka, wamepona, na kama si hivyo basi wamwombe Mungu awapokee pamoja, na watu watapata la kusema zaidi. Waligonga kwa zamu, mashavu yao yakigusana na mawe. Jiwe la kwanza lilipochomoka maji mekundu yaliruka kwa nguvu yakampiga Mama Lami magotini, akaanguka, akainuka. Wakatoboa pengine, na pengine tena. Uchochoro ukageuka mto. Waliusikia ukuta ukilia ndani kwa ndani, ukanyamaza, ukalia tena. Hatimaye fundi aliweka sikio kwenye mawe kama daktari, akakaa hivyo muda, kisha akakaa chini kwenye matope.

"Umeshika," alisema.

Mvua ikapungua jioni. Ukuta ulikuwa umesimama, na tumbo lake, na matundu yake yakitiririsha maji.

Asubuhi jua lilitoka zuri, jua la kuanikia nguo. Watu walipita mmoja mmoja mwanzoni mwa uchochoro, wakachungulia kama Wifi alivyochungulia, wakaona alichoona Wifi. Ukuta. Uliosimama. Wakatazama juu wakaona chumba kisicho na bati. Hesabu hiyo haikuhitaji kwenda shule.

Fundi alijaribu. Alisimama kwa kinyozi akaeleza habari ya maji na shinikizo na tumbo, akaeleza jinsi walivyotoboa. Walimsikiliza kwa adabu, na alipoondoka wakasema shemeji gani huyo anayekuja mbio kwenye mvua na mtaimbo, na wakacheka kicheko kile. Mama Lami alimwambia asiseme tena. Kinyozi alihama mwisho wa mwezi, akisema ni heri mtu ahame mwenyewe kuliko kungoja anyeshewe kitandani. Mwanamke wa dukani, ambaye siku zote alimwita mama, alimpa chumvi yake bila kuinua macho. Hata jina lilibadilika. Wakamwita Mama Ezua, na watoto walilipenda kwa sababu lilikuwa rahisi kuimba.

Alirudisha mabati, akayagongelea, akayapaka lami. Alianika pamba yote iliyofaa kuanikwa, akaichambua kwa vidole vyake vyeusi hadi ikawa laini tena, akaijaza kwenye mito, akaibeba hadi ng'ambo ya soko. Mlango wa binamu haukufunguliwa. Alisema kupitia dirishani kila kitu alichopaswa kusema tangu siku ya kwanza: mtaro, udongo, maji, changarawe. Alisema kwamba alikuwa na hofu ya kumpoteza. Alisema amemkosa, kwamba chakula hakipiti, kwamba hana wa kugombana naye. Kisha binamu akatoka, mtu mpole, haya zimemjaa, akapokea mito.

"Anasema nikwambie hivi," alisema akitazama chini. "Siku ukuta huo ukianguka, atakuja kwa magoti kukuomba radhi. Usipoanguka, usimtafute."

Mama Lami alirudi nyumbani, akaenda moja kwa moja uchochoroni, akasimama mbele ya ukuta. Maisha yake yote ya ujane alikuwa ameomba vitu visianguke. Paa lisiruke, msingi usiliwe, mti usilale. Aliweka viganja vyote viwili juu ya lile tumbo, lilikuwa kavu na la vuguvugu kwa jua.

"Anguka basi," aliuambia ukuta. "Chumba hakina mtu. Anguka, nimrudishe."

Akaegemeza paji la uso kwenye mawe akalia, bila kujificha, mpaka mpangaji wa chumba cha tatu akafunga dirisha.

Mvua za pili zilipokaribia fundi alikuja kuutazama. Kuujenga upya hakukuwezekana kwa kipato cha vyumba vilivyohamwa. Alisema utadumu, matundu yakiwa wazi na mtaro ukizibuliwa, maana jirani wa juu alikuwa amemwaga tena. "Mtaro ukibaki hivyo, shemeji, mvua kubwa ya kwanza tu ukuta unakwenda nayo. Ukiuzibua, utaishi kuliko wewe na wajukuu wako." Alisema hivyo kama habari njema.

Siku ile ile mawingu yakajipanga. Mama Lami alichukua koleo akapanda kilimani peke yake. Kutoka juu aliona paa lake lote, misumari imepakwa mmoja mmoja, na mwishoni bati la chumba cha sita, ambamo kitanda cha Wifi kilikuwa kimetandikwa na hakuna aliyekilalia. Mtaro ulikuwa umejaa hadi midomoni. Alichotakiwa kufanya ili awe mkweli ni kukaa chini tu, au kwenda nyumbani kupika. Mvua ingefanya mengine. Kesho mtaa mzima ungekuja kutazama kifusi, wangeshika vichwa, wangesema kumbe, na Wifi angepita sokoni kwa magoti. Angekuta chumba alichojengewa na kaka yake kimelala chini ya kilima, na kitanda chake humo humo, naye asiwe na pa kurudi.

Alisimama hapo hadi matone ya kwanza yakamgonga mikononi. Aliutaka ukuta ule uanguke kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu mumewe afe. Kisha akainama, akachomeka koleo, akatupa udongo pembeni, akachomeka tena. Alichimba huku akilia na huku akiwatukana jirani, mvua, fundi na marehemu mwenyewe aliyejenga ukuta imara kiasi hicho. Alichimba mpaka maji yakaipata njia yao ya zamani, yakaanza kupita pembeni, mbali na nyumba, yakishuka barabarani mbele ya macho ya watu wote, na ukuta ukabaki umesimama.